Taa Nyekundu ya Haji Bouazza

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mapema nitajificha nyuma ya makosa ya wengine.

Mimi nauza spea za magari hapa mjini Sefrou. Dini sikuisoma zaidi ya chuo cha utotoni, na hata huko nilikuwa mtoro. Lakini siku moja, nimeegemea kaunta yangu, nilimtolea mtu fatwa. Niliitoa huku nacheka, nimeshika globu ndogo isiyozidi punje ya harage. Mwenyezi Mungu anisamehe. Aliyeichukua fatwa ile ni Allal kinyozi, na kisa hiki ni chake. Alinisimulia mwenyewe, nami nitamfuata yeye hatua kwa hatua.

Jua lilikuwa linaelekea kuchwa alipoingia dukani.

"Salaam alaykum, mwizi wa mchana."

"Wa alaykum salaam, mkata masikio. Leo umemjeruhi nani?"

"Mkweo."

"Basi chukua chochote humu dukani, halali yako."

Allal alicheka. Alikuwa na furaha siku zile. Binti yake wa pekee, Ghita, alikuwa anaolewa mji wa Azrou, huko milimani, na Allal alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatapelekwa kwa mume ndani ya gari la kukodi. Angempeleka yeye, kwa Mersedesi 240 nyeupe aliyoihangaikia mwaka mzima. Viti alivishona upya. Rangi aliipiga mwenyewe. Zilibaki taa za dashibodi.

"Nataka dashibodi iwake kama chumba cha bibi harusi," alisema.

Nikammwagia globu juu ya kaunta. Akawa anaziokota moja moja na kuzitazama dhidi ya mwanga wa mlangoni, kama mtu anayechambua dengu.

"Hizi za LED haziungui upesi," nikamwambia. "Ila mwanga wake ni wa hospitali. Na ukizungusha kile kitufe cha kupunguza mwanga, hazikusikii. Ni kuwaka au kuzima, basi."

"Hospitali sitaki. Mtoto atakuwa amevaa kaftani ya kijani. Nipe zile za waya, zenye mwanga wa njano. Mwanga wa watu wazima."

Akachagua ya mwendo, ya mafuta, za indiketa, na ile ya buluu ya taa kubwa. Mimi nikamwongezea moja. Akaisukuma nyuma kwa kidole.

"Hiyo siyo."

"Hiyo ndiyo yenyewe! Ni ya taa nyekundu, ya chaji. Tena hii lazima iwe ya waya. Umeme unapita humu kwanza ndipo altaneta inaamka. Hii ikifa, betri hailishwi. Kwani hujui ndiyo maana yule mzee alikuwa akisukuma gari?"

Alijua. Mji mzima ulijua. Gari lilikuwa la Haji Bouazza, dereva wa teksi za safari, Mungu amrehemu. Mzee yule aliegesha gari mteremkoni kila siku apate kuliwasha kwa kuliachia. Betri aliichajia nyumbani. Na baada ya adhana ya Magharibi hakushika usukani, hata umlilie. Sisi tulimtania. "Haji, gari linakula dizeli au linakula mgongo wako?" Alikuwa akitabasamu tu. Fundi wa kujifunza angeibadilisha globu ile kabla chai haijapoa, na yeye alizeeka akisukuma.

Alipofariki, mjane wake, Rqia, ambaye kwa heshima sote tulimwita Lalla, alimpa Allal lile gari. Hakuliuza, alilitoa. Mama yake Ghita alifia uzazini, na Lalla Rqia, aliyekuwa na mwanawe mchanga Mimoun, ndiye aliyemnyonyesha yule yatima. Titi moja kwa Mimoun, la pili kwa Ghita. Kwa hiyo Ghita alikuwa mwanawe wa maziwa, na tangu Mimoun apotee akiwa mvulana mdogo, alikuwa mwanawe wa pekee.

Siku ya kumkabidhi funguo alimwambia Allal hivi:

"Badilisha utakacho, mwanangu. Taa nyekundu usiiguse. Na Magharibi ikukute nyumbani."

Akamweleza sababu. Jioni moja ya baridi, Bouazza alikuwa kituoni Azrou na abiria watano. Teksi haiondoki mpaka ijae, na wa sita hakutokea. Abiria wananung'unika, jua limezama, mtoto Mimoun anatetemeka amebanwa na gia kwa sababu siku hizo alikuwa akifuatana na baba yake. Bouazza akachoka. Akapaza sauti: "Nafasi moja! Aje yeyote, hata asiye mtu!"

Teksi ikajaa.

Njiani abiria yule alishuka... na Mimoun akashuka naye. "Alimnyakua mwanangu kwa nguvu," alisema Lalla Rqia. "Bouazza alipigana naye hadi akavunjika mkono." Baadaye shehe mmoja wa milimani akamfungia yule abiria gizani. Taa ile isipowaka, haoni njia ya kupanda.

Allal alimsikiliza kama unavyomsikiliza mama aliyefiwa. Akaweka mkono kifuani. "Wallahi sitaigusa."

Ndiyo maana siku ile dukani aliirudisha globu.

"Niliapa," alisema.

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Mungu, kwa nani tena?"

"Basi hilo ni lako na Mungu, na Mungu ameshaweka kafara. Lisha maskini kumi, halafu funga globu yako. Ama utamsukumisha bibi harusi gari mlimani na kaftani yake?"

Allal akacheka. Nami nikamalizia kwa maneno ambayo mpaka leo yananinuka mdomoni:

"Bibi kizee anaogopa taa. Wewe mwanamume unamwogopa bibi kizee."

Akaitia globu mfukoni.

Ijumaa iliyofuata alipika kuskusi, sinia kubwa, nyama juu, akawalisha maskini kumi kwenye lango la msikiti. Wakamwombea. Akarudi nyumbani moyo mweupe, akaivuta dashibodi kutoka mahali pake.

Globu ya taa nyekundu ilikuwa imepakwa katrani, ile lami nyeusi ya mti ambayo kina mama hupaka kizingitini kuzuia wasioonekana. Imezungushiwa uzi mweusi. Na ndani ya uzi kulikuwa na nywele. Fupi. Laini.

Kinyozi anazijua nywele. Zilikuwa za mtoto.

Allal alikaa nazo kiganjani kidogo. Kisha akasema Bismillahi, akachukua mkasi wake wa kazi, akakata uzi. Vyote akavitupa kwenye ndoo ya nywele za wateja.

Akafunga globu mpya. Akazungusha ufunguo. Taa nyekundu ikawaka, nzuri, kama kokwa la komamanga. Akawasha injini. Taa ikazima, kama inavyotakiwa. Betri ikaanza kulishwa. Akaendesha wiki nzima, mchana, wala pasitokee kitu. Allal hakumwambia Lalla Rqia. Kulikuwa na haja gani ya kumtia bibi wa watu wasiwasi?

Siku ya harusi ikafika.

Walipanga kuondoka baada ya Adhuhuri. Lakini mvalishaji wa bibi harusi alichelewa, kisha mkanda wa kaftani ukapotea, kisha shangazi wakagombania nani abebe sukari. Magari mengine yalitangulia. Mersedesi ya Allal ikaondoka mwisho, jua limeinama. Nyuma ya kiti cha dereva alikaa Lalla Rqia. Katikati alikaa Ghita, nguo zake zimejaa kiti. Upande wa kulia palikuwa na boksi la halua tu.

"Tutafika kabla ya Magharibi?" aliuliza Lalla Rqia.

"Tutafika, mama."

"Baba anaendesha kama anamnyoa gavana," alisema Ghita. "Polepole, asije akakata."

"Nyamaza wewe, bado hujawa mke wa mtu."

Wakacheka wote watatu. Allal aliniambia kicheko kile ndicho kinachomuumiza zaidi.

Walipita Imouzzer. Barabara ikaanza kupanda. Mierezi ikasogea pande zote mbili, na baridi ikaingia kwa chini, kwenye vifundo vya miguu. Jua likazama nyuma ya mlima ghafla. Allal akawasha taa, na dashibodi ikang'aa njano, laini, ya watu wazima. Hakuweza kujizuia. "Mmeona?" akasema. "Mmeona dashibodi hiyo?"

Kutoka kijiji kimoja bondeni ikaja adhana, hafifu, imekatwakatwa na upepo.

Allahu akbar...

Taa nyekundu ikawaka.

Kidogo tu, kama ncha ya sigara. Injini inazunguka vizuri na taa inawaka. Allal akawaza mkanda wa altaneta umelegea. Akagonga kioo kwa ukucha. Ikakolea.

Harufu ikaja. Katrani... na chini yake, sufu iliyolowa mvua.

Halafu gari likainama.

Nyuma. Kulia. Springi zikalia kama zinavyolia mtu mzito anapokaa. Boksi la halua likabonyea polepole, bila kuguswa, mpaka likawa bapa.

"Allal," alinong'ona Lalla Rqia. "Uliigusa?"

Allal alikaza macho barabarani.

"Mwanangu. Uliigusa ile taa?"

"Nililisha maskini, mama. Nilitoa kafara..."

Lalla Rqia hakumlaumu. Hakupiga kelele. Allal alisikia kitambaa kikichakarisha, akamwona kwenye kioo cha juu: bibi yule anamvuta Ghita upande wake, anampanda magotini kwa shida, anakaa katikati. Amejiweka yeye. Ukuta wa mifupa kati ya mtoto na kile kiti.

Kwenye kioo cha juu walikuwa wawili.

Kwenye kioo cha saa ya mwendo, ndani ya ule mwanga wa njano aliouchagua mwenyewe, vilionekana vichwa vitatu kwenye kiti cha nyuma.

Allal akaanza Ayatul Kursiyyu. Aliihifadhi tangu akiwa na miaka saba. Ilimkatikia katikati, akarudia mwanzo, ikakatikia palepale. Akazungusha ufunguo kuzima gari. Halikuzima. Akakanyaga breki. Pedali ikashuka chini kama inazama kwenye unga, na gari likaendelea na mwendo wake uleule, bila haraka.

"Nishushe hapo mbele, ndugu," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti ya kawaida. Ya abiria aliyechoka, mwenye adabu.

"Msimjibu," alinong'ona Lalla Rqia. "Ghita, fumba macho, mama. Msimjibu."

"Sishuki peke yangu," sauti ikaendelea. "Dereva ndiye anayesema. Nani anashuka na mimi?"

Mierezi inapita.

"Ukinyamaza, tutashuka wote."

"Mwongo!" Lalla Rqia aligeuka, uso kwa uso na kile kiti kitupu. "Wewe huombi, unanyakua! Ulimnyakua mwanangu mikononi mwa baba yake!"

"Mimi?" Sauti ilishangaa kwelikweli. "Sijawahi kumnyakua mtu, mama. Nilimuuliza Bouazza. Akajibu upesi."

Ghita akamkumbatia Lalla Rqia shingoni.

"Kulikuwa na abiria watano," ilisema sauti, taratibu, kama inamliwaza. "Aliogopa kumtaja mtoto wa watu. Watu wangemuuliza. Akamtaja wake. Ule mkono aliuvunja mwenyewe, kwa jiwe, kabla ya kurudi kwako."

Barabara ikapinda. Mbele, kando, palionekana uwazi kati ya miti, na giza la bonde.

"Ni hapa, ndugu. Nani?"

Allal alitazama kioo cha juu. Aliniambia hakutazama kwa muda mrefu. Mara moja tu. Kisha akalitaja jina, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

"Rqia."

Hata Lalla hakusema. Hata mama.

Gari likapunguza mwendo lenyewe. Mlango wa kulia ukafunguka, taa ya ndani ikawaka, na katika mwanga ule kiti kilikuwa kitupu kabisa.

Lalla Rqia hakupigana. Allal aliniambia laiti angepigana. Alivua mikono ya Ghita shingoni mwake, kidole kimoja baada ya kingine, kwa upole, kama alivyokuwa akimwachisha ziwa. Akauliza kitu kimoja tu, akikiuliza kile kiti.

"Alimtajaje mwanangu?"

"Kwa lile jina la nyumbani," ilisema sauti. "Lile ulilomwita ukimnyonyesha."

Akashuka.

Mlango ukajifunga. Springi zikapanda. Taa nyekundu ikazima.

"Baba, simama," alisema Ghita.

Breki zilikuwa zimerudi. Allal alizisikia chini ya unyayo wake, ngumu, nzima, tayari kwa kazi.

"Baba! Simama! Yuko pale, namwona! Simama!"

Hakusimama.

Askari walitafuta siku kadhaa, na mbwa. Walichokiona ni kile kilichobaki ndani ya gari: viatu vya ngozi vya Lalla Rqia, vimekaa sakafuni kwa unadhifu, ncha zimeelekea mlangoni. Waliandika kwamba bibi mzee, mwenye huzuni ya mumewe, alifungua mlango gari likienda. Wengine wanasema kweli ndivyo ilivyokuwa, na kwamba Allal na binti yake waliona mengine yote kwa hofu. Sijui. Mungu ndiye ajuaye. Lakini shehe mmoja niliyemweleza, mwenye elimu, si kama mimi, alikuna ndevu akasema, "Kafara inafuta deni la Mungu. Bibi yule naye aliapiwa. Kwake mlikwenda kuomba ruhusa?"

Hatukwenda.

Ghita aliolewa kimyakimya, na Sefrou hajarudi. Allal alimfuata Azrou. Alisimama uani kwa mkwewe, kofia mkononi, akasema, "Nilikuokoa wewe, mwanangu."

Ghita alikuwa anaanika nguo. Hakugeuka.

"Baba, nilikuwa natazama kioo kilekile," alisema. "Kabla hujamtazama yeye, ulinitazama mimi. Na ulikuwa unapima."

Allal alirudi akaniletea ile globu niliyomuuzia, imefungwa kwenye leso. Iko kwenye kopo, droo ya chini, nimeipaka katrani kwa mkono wangu, sijui kama inasaidia kitu. Dashibodi ya gari sasa ina tundu jeusi mahali pa taa ile. Gari limeegeshwa uani kwake, halina betri, halina ufunguo. Na bado Magharibi ikiadhiniwa linainama kidogo. Nyuma. Kulia. Nimeliona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Sasa ninakuomba kitu kimoja. Lalla Rqia hana kaburi, na hakuna aliyemsimamia sala. Ukimaliza kusikia kisa hiki, inua mikono umwombee, na umtaje: Rqia binti Hammou. Mara ya mwisho jina lile lilitajwa ili kumtoa. Wewe litaje vizuri.